Kujifunza kuendesha gari hadi kupata leseni ya kwanza: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mpwa wangu alipoanguka mtihani wa udereva mara ya kwanza, gari lilikuwa limemzimikia mara tatu kwenye mwinuko uleule, mtahini akiwa pembeni na foleni ikiwa nyuma yake. Alinipigia simu jioni hiyo akaniambia, "Mjomba, najua cha kufanya, ila mguu haunisikii." Nilimwelewa mara moja, kwa sababu miaka mingi iliyopita mwinuko wa namna hiyo ulinigharimu saa nyingi za mazoezi kabla sijagundua kosa langu lilikuwa wapi. Tulifanya mazoezi kwa majuma matatu, akarudia mtihani na kufaulu. Hatua ninazoandika hapa ndizo tulizozifuata, na msomaji ataona kwamba ile ya mwinuko imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Kibali, macho na nadharia

Usiendeshe kwenye barabara ya umma kabla ya kupata kibali cha mwanafunzi, na soma masharti yake yote, hasa yanayohusu mtu anayepaswa kukaa kando yako. Ukiona ukungu unaposoma namba za gari lililoegeshwa mbali, pima macho sasa, maana wanafunzi wengi hudhani hawajui kukadiria umbali kumbe hawauoni vizuri.

Kwa upande wa nadharia, anza na maumbo ya alama kabla ya kukariri alama moja moja. Katika nchi nyingi pembetatu yenye ncha juu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza au huweka kikomo, pembetatu iliyopinduliwa hukutaka uwapishe wengine, na umbo la pembe nane hukuamuru usimame kabisa. Alama hizi mbili za mwisho zilipewa maumbo ya peke yake ili dereva azitambue hata zikiwa zimefunikwa na vumbi, au akiziona kwa nyuma upande wa barabara anayokutana nayo. Mwanafunzi aliyeelewa mpangilio huu hujibu maswali mengi bila kukariri.

Hatua ya 2: Gari na mwalimu

Ninashauri kwa msisitizo ujifunze gari la gia za mkono, hata kama unatarajia kuendesha la otomatiki maishani mwako mwote. Katika nchi nyingi anayefanyia mtihani kwenye otomatiki huruhusiwa kuendesha otomatiki pekee, na mtu aliyezoea klachi (pedali ya kushoto inayotenganisha injini na gia) huhamia otomatiki kwa muda mfupi sana, ilhali safari ya kinyume chake ni ndefu.

Masomo ya mwanzo yafanye na mwalimu aliyeidhinishwa, ndani ya gari lenye pedali za breki upande wake. Ndugu na marafiki wafaa baadaye, kwa kurudia yale uliyokwisha kufundishwa. Ndugu mwenye mapenzi mema lakini asiye na breki hupiga kelele anapoogopa, na mwanafunzi akishaogopeshwa hukaza mguu. Chagua vipindi vya saa moja vilivyo karibukaribu badala ya kipindi kimoja cha saa nne, kwa kuwa mguu uliochoka hujifunza makosa.

Hatua ya 3: Kiti

Hatua hii huchukua dakika mbili na wengi huiruka, lakini matatizo ya klachi mara nyingi huanzia hapa. Sogeza kiti hadi uweze kukanyaga klachi mpaka chini kabisa huku goti likiwa bado limekunjwa kidogo. Kisha rekebisha mgongo wa kiti ili, mabega yakiwa yameegemea, viganja vya mikono vifike juu ya usukani bila kujivuta. Sehemu ya kuegemeza kichwa iwe usawa wa kichwa, isiwe shingoni. Baada ya hapo rekebisha vioo, funga mkanda, na shika usukani pande zake mbili, mahali ambapo mishale ya saa ingeonyesha tisa na tatu.

Vaa viatu vyenye soli nyembamba. Mpwa wangu alikuwa akifanya mazoezi na raba zenye soli nene na kiti kikiwa nyuma mno, hivyo kila alipoachia klachi alilazimika kuinua mguu mzima kutoka sakafuni. Mguu unaoelea hewani hauwezi kusimama mahali pamoja. Kisigino kikiwa kimetua, unachokunja na kukunjua ni kifundo cha mguu tu, na hapo ndipo mwendo wa milimita chache unapowezekana.

Hatua ya 4: Kuondoka kwenye tambarare bila kukanyaga mafuta

Pedali za gari la gia za mkono hupangwa vilevile popote usukani ulipo: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Mguu wa kushoto una kazi moja, yaani klachi, na wa kulia una mbili.

Ndani ya klachi kuna sahani inayobanwa kwenye gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Ukikanyaga pedali mpaka chini, sahani huachana na gurudumu; ukiiachia yote, huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Kati ya hali hizo mbili kuna sehemu nyembamba ambapo sahani inateleza huku ikivuta, na udereva wote wa mwendo wa polepole umo ndani ya sehemu hiyo.

Tafuta uwanja ulio wazi na tambarare. Washa gari, kanyaga klachi, weka gia ya kwanza, teremsha breki ya mkono, kisha achia klachi polepole sana bila kugusa mafuta. Sauti ya injini itashuka kidogo na gari litaanza kutambaa. Kanyaga klachi tena na usimame kwa breki. Rudia mara hamsini. Ninamaanisha hamsini kweli, kwa sababu hiki ndicho kipimo nilichokitumia mimi na ndicho nilichompa mpwa wangu, na ilipofika kama mara ya thelathini aliacha kutazama miguu yake akaanza kusikiliza.

Hatua ya 5: Kuondoka kwenye mwinuko

Hapa ndipo nilipokwama. Nilifundishwa kwa maneno mawili, "ongeza mafuta, achia klachi," na kila nilipofanya hivyo gari liliruka mbele likazimika, au lilirudi nyuma nikakanyaga breki kwa woga. Nilidhani kosa langu ni mafuta kidogo, nikaongeza. Injini ilinguruma, klachi ikanuka kama kitu kinachoungua, na bado gari likazimika.

Kosa halikuwa kwenye mafuta. Nilikuwa naifikia vizuri sehemu ambayo klachi inashika, lakini mara tu nilipohisi gari linasogea, niliinua mguu wote kana kwamba kazi imekwisha. Katika magari mengi madogo, injini isiyokanyagwa mafuta huzunguka kama mara 800 kwa dakika, na ikishikana kabisa na gia ya kwanza hulisukuma gari kwa mwendo wa takriban kilomita 5 hadi 7 kwa saa. Gari lililoanza kusogea mlimani sasa hivi halijafikia hata nusu ya mwendo huo. Ukiachia klachi yote wakati huo, unailazimisha injini ishuke hadi mwendo wa magurudumu, nayo haiwezi kuzunguka polepole kiasi hicho, kwa hiyo inazimika. Sahani inahitaji muda wa kuteleza hadi magurudumu yaifikie injini.

Njia ninayoipendelea kwa mwanafunzi ni ya breki ya mkono, kwa sababu humpa muda wa kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Gari likiwa limesimama, vuta breki ya mkono mpaka ishike sawasawa, kanyaga klachi na uweke gia ya kwanza. Kanyaga mafuta kidogo hadi injini ifike kama mizunguko 1,500 kwa dakika, na uishikilie sauti hiyo ilivyo. Achia klachi taratibu mpaka sauti ishuke na pua ya gari iinuke kidogo. Hapo simamisha miguu yote miwili. Tazama vioo, tazama juu ya bega, na barabara ikiwa salama teremsha breki ya mkono. Gari litabaki palepale au litaanza kupanda. Likianza kusogea, ongeza mafuta kidogo, na mguu wa klachi ubaki ulipo huku ukihesabu kimoyomoyo "moja, mbili." Ndipo uiachie klachi sehemu iliyosalia, nayo pia taratibu.

Kuhesabu huko ndiko kulikomaliza tatizo langu, na ndiko kulikomaliza tatizo la mpwa wangu siku ya pili ya mazoezi.

Kuna tahadhari kadhaa, na kila moja yake nimeiona ikimkwamisha mtu:

Hakikisha breki ya mkono imeshuka yote. Ikibaki imeshika nusu, gari huzimika hata kama klachi umeifanya sawasawa, na mwanafunzi hujilaumu bure.

Gari likirudi nyuma ulipoteremsha breki ya mkono, maana yake klachi ilikuwa haijashika vya kutosha. Kanyaga breki ya mguu na klachi, vuta breki ya mkono, uanze upya. Usijaribu kuliokoa kwa kuachia klachi ghafla.

Usilishikilie gari mlimani kwa klachi wakati unasubiri foleni isogee. Wapo madereva wazoefu wanaofanya hivyo kwa ufahari, lakini sahani inayoteleza bila kupumzika hupata joto na kuisha. Subiri kwa breki.

Baadhi ya magari mapya hushikilia breki yenyewe kwa sekunde kama mbili baada ya kuondoa mguu, na mengine yana breki ya mkono ya umeme inayojiachia gari linapovuta. Misaada hiyo ni mizuri, ila ujue kama gari la mtihani linayo. Mtu aliyejifunza kwenye gari lenye msaada kisha akafanyia mtihani kwenye gari lisilonao hushtuka vibaya.

Injini ya dizeli kwa kawaida ina nguvu zaidi kwenye mizunguko midogo, hivyo huhitaji mafuta kidogo kuliko ya petroli. Gari lililopakia watu wanne au lenye kiyoyozi kinachofanya kazi huhitaji zaidi. Na kila klachi inashika mahali pake, kwa hiyo ukibadili gari rudia zoezi la tambarare mara tano kabla ya kupanda.

Gari likizimika, mambo ya kufanya ni manne: breki, klachi, gia huru, washa. Fanya kwa mfuatano huo hata kama kuna honi nyuma yako. Tulilizima gari makusudi mara nyingi ili mfuatano huu uzoeleke, na naona zoezi hilo lilimsaidia mpwa wangu kuliko maneno yangu yote.

Hatua ya 6: Kubadili gia na kukata kona

Punguza mwendo kwa breki kabla ya kona, weka gia inayofaa, kisha ingia. Usikate kona klachi ikiwa imekanyagwa, kwa sababu gari hupoteza mvuto wa injini wakati unapouhitaji.

Hatua ya 7: Macho na umbali

Kwa kilomita 50 kwa saa gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde, na mtu makini huhitaji takriban sekunde nzima kutambua hatari na kuifikia breki. Zaidi ya hapo, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana ninapendelea kupima umbali kwa muda badala ya mita: gari la mbele likipita mti au nguzo, hesabu sekunde mbili kabla nawe hujapita hapo, na mvua ikinyesha hesabu nne.

Kabla ya kila badiliko fuata mfuatano huu: kioo, indiketa, kioo tena, bega, kisha tendo. Vioo vyote vitatu vikiwa sawa bado huacha sehemu isiyoonekana pembeni, na pikipiki nzima hujificha humo.

Hatua ya 8: Kuegesha kinyumenyume

Nenda polepole kwa kucheza na klachi, na tazama unakokwenda. Sipendi mbinu za kukariri kwamba nguzo ikifika kwenye kona ya kioo uzungushe usukani mara moja na nusu, kwa kuwa hazifanyi kazi kwenye gari jingine wala kwenye nafasi nyingine.

Hatua ya 9: Siku ya mtihani

Fanya somo la mwisho asubuhi hiyo, kwenye gari lilelile, na umalizie kwa mwinuko mmoja. Geuza kichwa unapotazama vioo, kwa sababu mtahini haoni mboni za macho yako. Usipoelewa agizo, mwombe kwa adabu alirudie. Gari likizimika, timiza yale mambo manne na uendelee. Mara nyingi kinachomwangusha mwanafunzi ni kile anachofanya baada ya gari kuzimika, kama vile kuwasha likiwa ndani ya gia au kuliachia lirudi nyuma.

Ukishapewa leseni, isome ungali mbele ya dirisha la ofisi: herufi za jina, tarehe ya kuzaliwa, madaraja ya magari uliyoruhusiwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kosa la herufi moja ni rahisi kurekebishwa kabla hujaondoka hapo.