Kulipia dipoziti ya nyumba Zanzibar ukiwa Nairobi, bila kutapeliwa

Disemba ikikaribia kila kundi la WhatsApp lina mtu anatangaza vila ya Nungwi au Paje, picha kali, bei ya kutupa, na mwenyewe anataka nusu ya pesa leo leo maana ati kuna Muitaliano anazitaka tarehe hizo hizo. Tulia kwanza. Picha hata uzikague vipi hazikurudishii pesa, kinachokurudishia ni njia uliyolipia, kwa hiyo anza na hilo kabla hata hujauliza kama kuna AC.

Ikiwezekana lipa kwa kadi. Ukilipa kwa Visa au Mastercard na ukafika ukute nyumba haipo, unaenda benki yako unafungua madai na pesa ina njia ya kurudi. Visa kwa kawaida wanatoa siku 120, na kwa huduma ambayo hukuipata zinahesabiwa kuanzia siku uliyotakiwa kuipata, lakini usikae nazo, ripoti siku hiyo hiyo. Kama huna kadi ya benki kuna M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya Safaricom ya 2022, unaifungua kwenye programu yako ya M-Pesa na inakata salio lako la kawaida, alafu hata kama unayo kadi ya benki, namba zake zinabaki kwako.

Sasa ile ya kutuma M-Pesa moja kwa moja kwa namba ya Vodacom Tanzania, inawezekana tangu 2015 na ni rahisi sana, na shida ndo hiyo, jamaa akishazitoa kwa wakala umebaki na meseji tu. Western Union hivyo hivyo. Mwaka 2017 hao wenyewe walikubali kulipa dola milioni 586 Marekani, kesi ikihusu matapeli waliokuwa wakipokelea pesa za watu kupitia mawakala wake. Na mtu akikwambia ulipe kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali (kripto), hata usimjibu.

Ukibuki kupitia Airbnb baki humo humo mpaka mwisho. Wao hawamwachilii mwenye nyumba pesa mpaka kama saa 24 baada ya muda wa wewe kuingia, ndo maana tapeli atakubembeleza mtoke nje ati ukwepe makato, punguzo asilimia kumi, kumbe anakutoa penye ulinzi. Kwenye Booking.com kuna mchezo mwingine, wezi wanaiba akaunti ya hoteli ya kweli alafu wanakuandikia ndani ya programu ile ile ukahakikishe kadi kwenye linki fulani. Usiifungue, tafuta namba ya hoteli mwenyewe upige.

Kuna hoteli ndogo zinataka benki tu, sio lazima ziwe za wizi. Angalia SWIFT code, yaani kitambulisho cha benki cha kimataifa, herufi ya tano na ya sita ni nchi, mfano CRDB ni CORUTZTZ na NMB ni NMIBTZTZ. Ukipewa IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, inayoanza na LT, hiyo ni Lithuania, na Tanzania haitumii IBAN kabisa, basi uliza kwa nini. Inaweza kuwa mwenye nyumba ni Mzungu anaishi Ulaya, sawa, lakini jina la akaunti lifanane na jina la kwenye leseni. Leseni za malazi Zanzibar zinatolewa na Kamisheni ya Utalii, na kampuni za huko zinasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, BRELA ni wakala wa usajili wa Tanzania bara. Mwombe namba ya leseni alafu wapigie Kamisheni wenyewe.

Mimi napenda zaidi vidio koli. Mwambie atembee na simu kutoka getini mpaka ufukweni bila kukata, kisha muulize maji yamejaa au yamekupwa, na wewe huku umefungua jedwali la maji la siku hiyo kwenye intaneti. Paje maji yakikupwa bahari inaenda mbali kabisa, unaona mpaka mashamba ya mwani, kwa hiyo vidio ya zamani inaumbuka hapo hapo. Mwenye nyumba wa kweli atacheka tu akuonyeshe, tapeli ghafla mtandao wake mbaya.

Kiasi chenyewe, asilimia 20 mpaka 30 inatosha, iliyobaki unalipa ukishaona kitanda. Krismasi watakuomba nusu, hapo bishana, ila kama ni Aprili au Mei wakati wa masika usikubali kabisa, vyumba viko vitupu. Kabla ya kutuma upate kwa maandishi tarehe, bei yote, jina la anayepokea, na ukighairi unarudishiwa ngapi mpaka siku gani. Ukituma kwa benki chagua OUR kwenye makato, yaani wewe ndo unayabeba, la sivyo pesa zinafika pungufu na mnaanza kuvutana mapokezi saa nne usiku. Skrinshoti zote zihifadhi kwenye simu yenyewe, maana ukishuka uwanja wa ndege laini ya Kenya inaweza kukosa data.