Jinsi ya kuomba ukaguzi wa trela mjini Nakuru, na mwendo na leni za kufuata hadi Kisumu

Mtu anayenunua trela ndogo ya kuvutwa na pikapu, au karavani ya kulala ya kuwapeleka wageni Ziwa Nakuru na kisha Ziwa Victoria, mara nyingi hudhani kwamba amenunua kifaa cha gari, mithili ya keria ya juu ya paa. Sheria haioni hivyo. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, trela husajiliwa peke yake: ina nambari yake inayoanza kwa herufi Z, ina logbuku yake na mwenyewe wake, na ikishafungwa nyuma ya gari hulipunguzia gari hilo mwendo unaoruhusiwa. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia kwenye makaratasi na kuishia barabarani, kwa maana dereva anayesimamishwa Salgaa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru, huulizwa yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: hakikisha trela ni yako kwa jina

Ukaguzi hauombwi na yeyote aliye na trela uani mwake, bali na yule ambaye jina lake limo katika rekodi za NTSA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani. Iwapo ulinunua trela iliyokwisha kutumika, Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tangu siku ya mauziano, na baada ya hapo trela hiyo hairuhusiwi kutumika barabarani mpaka mwenyewe mpya asajiliwe. Mauziano huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kuweka maelezo ya mnunuzi, ada hulipwa, kisha mnunuzi huingia katika akaunti yake mwenyewe na kukubali. Kila mmoja awe na kitambulisho na PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya.

Jirani yangu wa upande wa Njoro alilipa fedha taslimu kwa trela ya mahindi, akapokea logbuku na mkataba uliotiwa sahihi, akaridhika. Alipotaka kuomba ukaguzi miezi mitatu baadaye, muuzaji alikuwa amebadilisha nambari ya simu na hakupatikana kwa majuma kadhaa. Trela ilikaa chini ya mti msimu mzima wa mavuno. Ushauri wangu ni kwamba sehemu ya mwisho ya malipo isitolewe kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho nawe ukauona kwa macho yako kwenye skrini.

Hatua ya pili: akaunti na kodi

Mfumo wa zamani wa TIMS hautumiki tena, na huduma za NTSA sasa hupatikana kupitia eCitizen. Ukiwa huna simu au kompyuta inayokutosha, vituo vya Huduma vya Nakuru na Kisumu vitakusaidia, na saiba yoyote mjini itaifanya kazi hiyo kwa ada ndogo. Tahadhari moja tu: usimwachie mhudumu wa saiba nenosiri lako. Liandike mwenyewe, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka, kwa kuwa akaunti hiyo ndiyo inayokubali uhamisho wa mali yako yote yenye magurudumu.

Trela ya biashara hutozwa pia kodi ya mapema, ambayo hulipwa kwa KRA kupitia iTax, mfumo wake wa mtandaoni. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, kiwango chake ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wa kubeba, au shilingi 5,000 kwa mwaka, kutegemea ni kipi kilicho kikubwa. Wakulima wa miwa wa Muhoroni na Chemelil wasisome aya hii kwa hofu, kwa sababu trekta na trela zinazotumika kwa kilimo zimeondolewa katika kodi hiyo. Msamaha huo, hata hivyo, ni wa kodi tu. Hauiondolei trela wajibu wa kuwa na nambari, taa na breki inapotoka shambani na kuingia barabara ya lami.

Hatua ya tatu: kuomba siku ya ukaguzi

Ukishaingia katika huduma za NTSA ndani ya eCitizen, chagua trela yenyewe katika orodha ya vyombo vyako. Wengi huchagua gari linalovuta, wakalipa, kisha wakafika kituoni na kuambiwa kwamba walicholipia ni kingine. Chagua kituo kilicho karibu nawe, Nakuru au Kisumu, chagua tarehe, na usome kiasi unachotozwa kabla ya kulipa kwa nambari ya malipo ya serikali ambayo ni 222222. Chapisha uthibitisho wa nafasi yako. Ujumbe wa M-Pesa peke yake ni ushahidi kwamba ulilipa, lakini haumwonyeshi mkaguzi kwamba una nafasi siku hiyo.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Fika na trela ikiwa imefungwa kwenye gari litakaloivuta kila siku, si gari la kuazima, kwa kuwa taa na breki za trela hupata umeme au upepo kutoka kwa gari hilo, na mkaguzi hawezi kupima kisichounganishwa.

Kitu cha kwanza kitakachotazamwa ni nambari ya chasisi iliyopigwa kwenye fremu, ambayo ni lazima ilingane na ile ya logbuku. Trela nyingi za kwetu zimepakwa rangi mara tatu nne na fundi asiyejali, hata nambari ikazikwa. Siku moja kabla, isafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, polepole, mpaka tarakimu zisomeke. Usiitie msasa wa mashine, kwa sababu nambari iliyofutika huzua maswali mazito kuliko iliyofunikwa. Baada ya hapo huja taa za nyuma, indiketa, taa za breki, viakisi, tairi, breki, na kiungio chenyewe pamoja na mnyororo wake wa usalama. Kwa nilivyoona, trela hazirudishwi nyumbani kwa sababu ya mambo makubwa. Hurudishwa kwa waya uliokatika unaosababisha indiketa ya kushoto kuwaka upande wa kulia. Mwite fundi wa umeme mapema, mjaribu pamoja, mmoja akikanyaga breki na mwingine akiwa nyuma.

Trela ikipita, utapata cheti na kibandiko. Ikishindwa, utapewa orodha ya kasoro za kurekebisha. Watu walio nje ya lango wanaoahidi kuikwamua kwa malipo kidogo hawana uwezo huo, na kuendesha chombo kinachohitaji cheti cha ukaguzi bila kuwa nacho hutozwa shilingi 10,000 chini ya Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016. Kibandiko cha kughushi ni kosa la daraja jingine kabisa.

Hatua ya tano: bima na leseni

Mpigie wakala wako wa bima na umwombe aandike nambari ya trela katika bima. Usikubali jibu la mdomo kwamba inafunikwa na ya gari. Kisha soma leseni ya dereva. Leseni ya daraja la B ni ya magari madogo, daraja la CE ndilo la lori zito lenye trela, na daraja la G ni la mitambo ya ujenzi na kilimo. Kuendesha bila daraja linalohusika hugharimu shilingi 7,000 kwa mujibu wa kanuni hizo hizo, na hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kampuni ya bima kukataa dai kwa sababu hiyo hiyo.

Mwendo

Sasa tuingie barabarani. Gari la kawaida huruhusiwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara isiyogawanywa katikati na 110 kwenye barabara pacha, yaani iliyogawanywa. Magari ya abiria, pamoja na malori ambayo uzito wake mtupu unazidi kilo 3,048, hayaruhusiwi kuzidi 80. Gari linalovuta trela kikomo chake ni 65. Ndani ya miji na vituo vya biashara, wote huteremka hadi 50.

Yafaa kueleza namna tarakimu hizo zinavyoingiliana, kwa kuwa hapo ndipo madereva hupotea. Pikapu yako ya kutoka nyumbani asubuhi ilikuwa na haki ya kwenda 100. Baada ya kufunga trela, hata iwe tupu, haki hiyo imebaki uani. Kibao cha 80 kando ya barabara hakikupandishii kikomo hadi 80, kwa maana kibao huwahusu wote ilhali wewe una kikomo chako kilicho chini zaidi. Kibao cha 50 kinakuhusu kama kinavyomhusu kila mtu. Kwa ufupi wa dereva: fuata tarakimu ndogo. Gari la kulala ambalo injini na kitanda viko kwenye chasisi moja si trela, kwa hiyo kikomo cha 65 hakiligusi mpaka siku litakapovuta kitu.

Gharama ya kuzidisha nayo hupanda kwa ngazi. Kuzidisha kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni 3,000. 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo ni kortini. Dereva mwenye trela anayejiona mpole kwa kwenda 80 amezidisha kwa 15, na akiwa 85 tayari yuko kwenye shilingi 10,000. Akienda 90, ambao kwa gari tupu ni mwendo wa heshima, atafika mbele ya hakimu.

Leni

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni karibu kilomita 180, na sehemu ngumu ni ile ya mwanzo. Barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit. Penye leni ya kupandia, mahali pako ni kushoto kabisa, hata kama lori lililo mbele yako linatambaa. Leni hiyo inapokaribia kwisha ndipo ajali hutokea, kwa sababu kila mmoja hutaka kuwa wa mwisho kupita. Washa indiketa mapema, tazama kioo, na kumbuka kwamba urefu wako si wa pikapu tena: unapodhani umeshalipita gari, trela bado iko ubavuni mwake. Mstari wa njano usiokatika ukikufikia kabla hujaanza kupita, usianze.

Mteremko unahitaji uangalifu kuliko mlima. Desturi ya kuweka gia huru ili kuokoa mafuta imeua watu wengi kati ya Mau Summit na Salgaa, kwani breki peke yake huchemka na kuishiwa nguvu huku trela ikiendelea kusukuma. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na uichague kabla mteremko haujaanza, maana katikati yake gia hukataa kuingia. Katika makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliingia penye wachuuzi na abiria, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ukifika hapo, uwe tayari umo ndani ya 50. Usingojee kuona vibanda ndipo ukanyage breki.

Baada ya Kericho njia huteremka tena kupitia Kapsoit hadi Awasi, kisha hunyooka katika tambarare ya Kano hadi Ahero. Unyoofu huo hushawishi mguu. Bodaboda na mifugo huvuka popote, na kwenye mizunguko ya kuingia Kisumu wape njia wanaotoka kulia, ukikata kona kwa upana, kwa kuwa magurudumu ya trela hupita ndani zaidi ya yale ya gari.

Wanaokwenda Bungoma au Malaba kwa njia ya Eldoret watakuta mizani ya Webuye, na wanaotoka Naivasha kuja Nakuru watakuta ya Gilgil. Mwenye mzigo mzito afuate maelekezo ya kibao na aingie. Kuizunguka mizani kwa barabara ya vumbi ni kosa linalojitegemea, hata kama mzigo ulikuwa halali.

Ukisimamishwa, toa leseni, cheti cha bima na cheti cha ukaguzi cha trela, si cha gari peke yake. Ukipewa ilani ya kosa, soma mwendo ulioandikwa na kikomo kilichotumika kabla ya kuitia sahihi, kisha lipa kwa njia iliyoandikwa humo na uhifadhi risiti pamoja na nakala ya cheti ndani ya gari. Tarehe ya kwisha kwa cheti iandike kwenye kalenda ya simu mwezi mmoja kabla, kwa sababu nafasi za ukaguzi hujaa upesi msimu wa mavuno unapokaribia.