Kabla Hujatia Sahihi kwenye Mradi wa Taarifa za Moyo

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na presha ninayo mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana kliniki ninayohudhuria waliniomba niingie kwenye mradi: wachukue faili langu, damu kidogo, na namba za presha ninazopima nyumbani, ili huko mbele dawa ichaguliwe kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe. Nawaandikia ninyi mtakaoombwa kama mimi.

Usitie sahihi siku hiyohiyo. Fomu ya ridhaa iombe kwa Kiswahili, nenda nayo nyumbani, na mtu mwingine aisome. Mimi nilimpa binti yangu, akanirudishia maswali ambayo nisingeyawaza. Jina langu litakaa pamoja na majibu, au nitapewa namba? Damu itabaki nchini? Wakipima vinasaba wakakuta jambo la kurithi, wanangu wataambiwa? Nikijitoa, nitaendelea kutibiwa? Hili la mwisho wakisitasita kusema ndiyo, rudisha fomu yao. Uliza pia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ukione kwa macho. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Ipo na Tume ya kupelekea malalamiko. Ila ukijitoa, kilichokwisha kuchambuliwa kwa kawaida hakichomolewi tena, kama kitambaa kilichokwisha kukatwa.

Kilichonivuta mimi ni utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019. Wagonjwa weusi 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, walipewa dawa za presha mbilimbili. Waliopata mchanganyiko wenye amlodipini presha ilishuka zaidi kuliko waliopata perindoprili na hidroklorothiazidi. Hayo yamejulikana kwa sababu watu wa huku walikubali kupimwa.

Sasa kupima. Chukua futi kamba, zungusha katikati ya mkono wa juu. Wangu ni sentimita 36. Mkanda wa mashine niliyonunua umeandikwa 22 hadi 32. Mkanda ukibana mkono mnene, namba inapanda bure. Nikaomba mkubwa. Kojoa kwanza, chai na kahawa ziache nusu saa kabla, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini usiikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Nyamaza. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Andika zote mbili, usichague iliyo nzuri.

Hapo nina la kukiri. Mwezi wa kwanza nilizipika namba. Kila siku 130/80, kwa kuogopa kusemwa. Siku ya kliniki mashine yao ikasoma 172/104. Nesi, binti mdogo tu, akafungua daftari langu akatabasamu.

“Mama, shikamoo tena. Hii presha yako ina adabu sana nyumbani.”

Nikacheka kwa aibu, nikaanza upya, safari hii na dozi nilizoruka nikaziandika, na unga wa mlonge ninaotia kwenye uji, na vidonge vya mgongo. Hivi vya mgongo sikuwahi kumtajia daktari, kwangu havikuwa dawa, ni vitu vya dukani vya kumaliza kazi msimu wa sikukuu. Kumbe vilikuwa diklofenaki, nayo inaweza kupandisha presha na kuzipunguzia nguvu baadhi ya dawa zake. Daftari lilionesha wazi: siku za kumeza, juu, wiki niliyoacha, chini kidogo. Daktari akanibadilishia ya mgongo kabla hajagusa ya presha. Maganda ya dawa zote sasa nayabeba kwenye mfuko, hata ya mafua.

Nauli ulizia mapema kama inarudishwa, na weka risiti.

Na usidhani kuna mtu anakesha akitazama namba zako. Ukiona 180/120 au zaidi, na kifua kinauma, pumzi inakata au mdomo umepinda, kimbilia hospitali, daftari litajazwa baadaye. Ukibadilisha laini ya simu, wape namba mpya. Mimi walinitafuta wiki mbili.