Vim: kujongeza msimbo na kupanga alama za = kwenye safu moja

Hizi ni kazi mbili, na wengi huzichanganya. Ujongezo ni nafasi za mwanzo wa mstari. Vim inaumudu yenyewe. Upangaji ni kuzileta alama kama = kwenye safu moja ya wima, na hapo ndipo programu-jalizi ya vim-easy-align inapohitajika. Anza na ujongezo kila mara, kwa sababu ukipanga kwanza halafu ukasogeza mstari mmoja, safu nzima inapinda.

Hatua ya 1. Fungua ~/.vimrc (faili la mipangilio ya Vim), andika:

set tabstop=8
set shiftwidth=4
set softtabstop=-1
set expandtab

shiftwidth ndicho kipimo cha ujongezo: >> inasukuma mstari nafasi 4. Ile -1 inaifanya softtabstop (idadi ya nafasi ubonyezapo kitufe cha Tab) iifuate shiftwidth, hivyo ukitaka nafasi 2 unabadili namba moja tu. expandtab inaweka nafasi badala ya herufi ya Tab. tabstop, yaani upana ambao herufi ya Tab inaonyeshwa nao, iache 8. Ukiishusha hadi 4, faili lenye Tab litapendeza kwako, lakini mwenzako mwenye 8 ataliona limetawanyika.

Hatua ya 2. Kama tayari unatumia vim-plug (kisimamizi cha programu-jalizi za Vim), hakikisha ~/.vimrc ina mistari hii:

call plug#begin()
Plug 'junegunn/vim-easy-align'
call plug#end()
xmap ga <Plug>(EasyAlign)
nmap ga <Plug>(EasyAlign)

Hifadhi, funga Vim, ifungue tena, kisha :PlugInstall. Usiandike nnoremap wala xnoremap: zinazuia <Plug> isifasiriwe, na ga haitapanga chochote.

Hatua ya 3. Weka kielekezi ndani ya fungu hili la PHP:

$jina = "Amina";
$bei_ya_jumla = 45000;
$punguzo = 0.1;

Bonyeza gaip= na utapata:

$jina         = "Amina";
$bei_ya_jumla = 45000;
$punguzo      = 0.1;

ip ni fungu zima, hadi mstari mtupu. Alama hiyohiyo moja inashughulikia pia =>, += na ==. Kwa jedwali la Markdown tumia gaip*|, maana bila nyota inapangwa | ya kwanza peke yake.

MASWALI

Swali: Mkuu, faili langu la zamani lina Tab na nafasi mchanganyiko. Nifanyeje?
Jibu: :set list itazionyesha Tab kama ^I. Kama liliandikwa kwa Tab ya 4, toa :set ts=4 (ts ni kifupi cha tabstop) kwanza, kisha :retab. Angalia: retab inabadili hata Tab zilizo ndani ya alama za nukuu. Makefile (faili la maagizo ya programu ya Make) usiiguse kabisa. Make inadai Tab halisi, ikikosa inalalamika "missing separator".

Swali: Nimeweka 4 lakini aina moja ya faili inajongeza 2.
Jibu: :verbose set shiftwidth? itakutajia faili lililobadilisha mara ya mwisho. Chini ya plug#end() ongeza mstari wa aina hiyo, mfano: autocmd FileType html setlocal shiftwidth=4

Swali: Nipange = kwenye Python pia?
Jibu: Hapana. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, inakataza nafasi za ziada kabla ya = kwa ajili ya kupanga. Hata kwenye PHP, jina jipya refu likiingia, mistari yote ya fungu inabadilika na Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, inaionyesha yote. Panga mafungu yaliyotulia, kama ya mipangilio.