Mwana hasemi? Anza na beseni la maji

Wazazi wakiniletea mtoto aliyechelewa kusema, hawajakaa vizuri washamwanza: "Sema maji! Mwambie tabibu, hii nini?" Mtoto anafumba mdomo kama chaza. Hata mimi ningefumba.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, fanyeni hivi kila siku. Dakika 10 zatosha kuanzia.

1. Zima televisheni, keti naye uani, uso wako usawa na wake ili auone mdomo wako. Leta beseni la maji, kata ya kuchotea na kikombe. Usimwache peke yake na maji, hata ukiitwa mlangoni.

2. Mfuate yeye. Akichota, sema "Chota!" Akimwaga, "Mwaga! Chwaa!" Maswali yaache, huo si mtihani.

3. Nyamaza. Hapa ndipo wakubwa tunaposhindwa. Shika kata, mtazame, hesabu moyoni hadi 10. Bibi mmoja alifika tatu tu, akataka kumpa mjukuu wake wa miaka miwili, nikamshika mkono. Mtoto akaitazama kata, akanitazama mimi, akamgeukia bibi. "Ta." Akapewa papo hapo. Bibi alikuwa ashafungua mdomo kumwambia aseme vizuri, nikamkonyeza.

4. Ongeza neno moja. Akisema "ta", wewe sema "kata". "Maji" iwe "maji baridi". Mkiwa barabarani akisema "tuktuk", jibu "tuktuk imepita". Usimlazimishe kurudia.

Ongea naye lugha iliyo nyepesi kwako, iwe Kiswahili au Kigiriama. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Nimeona wazazi walioambiwa waongee Kiingereza tu nyumbani. Matokeo yake nyumba nzima imekuwa kimya.

Usingoje ikiwa ametimiza mwaka na habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa kidole, miezi 16 hana neno hata moja, miaka miwili haunganishi maneno mawili, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea. Mpeleke akapimwe masikio kwanza, hata kama hugeuka mlango ukigongwa. Anaweza kusikia kishindo asisikie "s". Na mkiambiwa na jirani akatwe kimeo ndipo aseme, mshukuruni, kimeo kikae palepale kilipo.