Kubadili betri na sola kwenye HiAce ya kulalia: anza na maltimita

Aisee mi nilikosea hapa kabla sijaanza. Friji ilikuwa inazima saa nane usiku, nikasema betri imechoka, nikanunua nyingine, ikazima tena. Siku nimekaa na maltimita, kile kipimo cha volti, ndo nikaona betri inasoma volti 12.3 lakini nyuma ya friji ni 11.2, yani volti nzima inapotelea njiani kwa sababu aliyenifungia alitumia waya wa spika. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote pima sehemu hizo mbili friji ikiwa inaunguruma. Tofauti ikizidi nusu volti shida ni waya, badilisha kwanza uone.

Hatua ya 1: piga hesabu ya matumizi. Friji ya 12V ya lita 40 hivi inavuta kama wati 45 ikiwaka, ila haiwaki muda wote, weka Wh 480 kwa siku (Wh ni wati mara masaa). Feni ndogo usiku kucha 120, taa za LED 50, simu na laptop 100. Jumla 750. Sasa betri ya asidi ya 100Ah (Ah ni ampea mara masaa, zidisha kwa volti za betri upate Wh) ina Wh 1200 lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, so una 600 tu, haitoshi. Lithiamu aina ya LiFePO4 ya 100Ah ina 1280 na unaweza kula asilimia 80 bila wasiwasi. Ni bei kweli, ila ndo hivyo.

Hatua ya 2: paneli. Chukua wati 200. Ya 100 kwa masaa matano ya jua kali, ukitoa joto na vumbi, inakupa kama Wh 375 kwa siku, nusu ya unachotumia. Usiilaze juu ya bati moja kwa moja, acha upenyo wa vidole viwili hewa ipite maana paneli ikichemka inatoa kidogo. Na angalia kivuli cha keria, kamstari kadogo tu ka kivuli kanaweza kukula nusu ya umeme.

Hatua ya 3: mahali pa betri. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, usiweke betri huko kabisa, itaiva. Mi nimeweka nyuma karibu na tairi, nimeikaza kwa mkanda na bolti.

Hatua ya 4 ni waya na fyuzi, hapa usiwe bahili. Friji waya wa mm² 6 na fyuzi ya 15A. Inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 600, mm² 16 na fyuzi ya 80A, na fyuzi ikae karibu na betri, sio karibu na inveta, maana waya ukichubuka katikati fyuzi iliyoko mwisho haisaidii kitu gari linaungua. Vichwa vya waya vibane kwa mashine yake, sio koleo na nyundo kama tulivyozoea.

Hatua ya 5: kontrola, kile kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Nunua aina ya MPPT ya 20A. Unaunga betri KWANZA halafu paneli, ukifungua unaanza na paneli. Kwenye seting chagua lithiamu, au weka volti 14.4 mwenyewe, na ile ya "equalize" uizime, ni ya betri za maji.

Hatua ya 6: alteneta, ile inayochaji betri ya gari injini ikiwaka. Usiunge lithiamu moja kwa moja na betri ya gari, inavuta umeme kwa fujo na alteneta inaweza kuungua. Weka chaja ya DC kwenda DC ya 30A katikati. Arusha mpaka Karatu masaa mawili tu tayari una kama 60Ah, hata mvua ikinyesha.

Mwisho lala nayo nyumbani usiku mmoja kabla ya safari. Ila lithiamu usiisome kwa volti, inaganda kwenye volti 13.2 siku nzima halafu inaanguka ghafla. Funga shanti, kile kipima cha kwenye waya wa negativu kinachohesabu kinachoingia na kutoka. Yangu saa moja asubuhi ilisoma 71%, na saa saba mchana ikawa imejaa, friji ikiwa inaunguruma muda wote.