Ukipotea msituni Uluguru: jinsi ya kuirudia njia

Napandisha watu Lupanga kwa miaka kumi na kitu sasa. Ni kile kilele kinachouchungulia mji wa Morogoro kutoka kusini-mashariki. Kwa urefu hakitishi, kinazidi kidogo mita 2,100, na mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Tatizo ni kwamba huko juu ni msitu mtupu, ukungu unashuka bila hodi, na njia ya kweli ni moja nyembamba kati ya vinjia ishirini vinavyofanana nayo.

Mimi mwenyewe nimepotea huko, nikiwa na wageni, tena nikilipwa. Kwa hiyo haya ninayoandika mengine nilifundishwa, mengine niliyalipia.

Hatua ya 1: Kubali mapema

Mtu hapotei ghafla. Anaanza kwa kusema "njia si iko hapo mbele tu," anatembea, anasema tena. Ukijisikia umesema mara ya pili, basi umeshapotea, hata kama miguu haijakubali.

Kuna dalili ninayowafundisha wote ninaopanda nao. Njia ya watu iko wazi kuanzia miguuni mpaka kichwani, kwa sababu wapitao hukata au huvunja matawi yanayowapiga usoni. Njia ya nguruwe pori iko wazi mpaka kiunoni tu. Ukianza kuinama kila hatua tatu, unamfuata nguruwe.

Mimi sikuinama, na ndiyo maana nilidanganyika. Tulikuwa tunashuka, mimi na wanafunzi watatu wa chuo, saa nane mchana, ukungu umejaa kiasi kwamba aliye nyuma humwoni. Kwenye njia panda moja nilishika kulia. Kinjia kilikuwa kipana, kimekanyagwa hasa, mizizi imechubuka magome. Tulitembea dakika ishirini tukipiga soga. Kisha kikaishia kwenye shimo la wapasua mbao: gogo limebaki nusu, vumbi la mbao jekundu limeloa, na mbele yake ukuta wa miti. Njia ilikuwa nzuri kwa sababu watu walibebea mbao. Ilikuwa haiendi popote.

Hatua ya 2: Kaa chini

Simaanishi usimame, namaanisha ukae. Mtu aliyesimama ataondoka tu. Tazama kwanza kama hakuna siafu hapo, halafu kaa, kunywa maji, kula kitu. Vaa sweta na koti la mvua kabla hujasikia baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama sita, na nguo iliyoloa jasho ikikutana na upepo inakutetemesha hata kama Morogoro mjini wanajipepea.

Hesabu watu. Tazama saa. Simu iweke hali ya ndege ili isimalize chaji ikitafuta mnara, na kumbuka kwamba GPS haihitaji bando: ikiwa ulishusha ramani ya eneo kabla ya kutoka nyumbani, kile kidoti cha bluu kitakuonyesha ulipo, ingawa chini ya miti mikubwa kinaweza kuruka ruka. Kisubiri dakika chache kitulie ndipo ukiamini.

Hatua ya 3: Rudi ulikotoka, hata kama ni kupanda

Hapa ndipo watu wanaponibishia. Wamechoka, mji uko chini, kwa nini wapande?

Fikiria mgongo wa mlima kama mti. Ukipanda, matawi yote yanaelekea kwenye shina. Ukishuka, shina linagawanyika matawi, na matawi yanagawanyika vitawi. Anayepanda akikosea kidogo, mlima wenyewe humrudisha kileleni. Anayeshuka akikosea kidogo juu, huko chini atakuwa ametofautiana na njia kwa bonde zima. Lupanga ukikosea vibaya unateremkia mashariki, upande wa Kinole, kwenye mvua nyingi zaidi, na mji wa Morogoro unabaki nyuma ya mlima.

Basi geuka, ufuate nyayo zako mwenyewe. Kwenye udongo mgumu hutaziona, ila tazama kangaga. Jani lake kwa juu ni kijani iliyoiva, kwa chini limepauka. Ulipopita uliyapindua, na yale yaliyopinduka yanang'aa kwenye ukungu kama mtu ametupa vipande vya karatasi. Siku ile tuliyafuata hayo, na maganda mawili ya ndizi ambayo mmoja wa vijana alikuwa ameyatupa. Nilikuwa nimemgombeza alipoyatupa. Nilimwomba radhi.

Hatua ya 4: Ukipoteza hata nyayo, tafuta kwa sauti

Tuliporudi tulikwama pahali pa mawe, pasipo na jani la kupinduka. Hapo usiwaruhusu watu watawanyike. Funga kitu chenye rangi kali kwenye mti, sisi tulifunga kanga nyekundu, kisha mmoja abaki pale pale na asisogee kwa sababu yoyote. Mwingine aende hatua hamsini upande mmoja, akiita na kuitikiwa kila baada ya hatua kumi. Asipoitikiwa, arudi. Akikosa kitu, arudi kwenye kanga, ajaribu upande wa pili.

Inachosha, na unajisikia mjinga ukizunguka mti mmoja. Sisi ilituchukua karibu saa nzima. Njia ilikuwa hatua thelathini na kitu kutoka kwenye kanga, nyuma ya jiwe tulilokuwa tumeliegemea.

Mkiwa na filimbi itumieni. Puliza mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekujibu kwa utaratibu hupuliza mara tatu. Sauti ya kuita huisha baada ya nusu saa, pumzi ya filimbi haiishi.

Hatua ya 5: Kujua upande

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu umetoka nchi za mbali na haufai huku. Wanasema kuvumwani, yale manyoya ya kijani kwenye magome, huota upande wa kaskazini. Uluguru yameuvika mti mzima, mpaka jiwe, mpaka koti lako ukilisahau. Wanasema elekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua. Huku, mchana jua liko karibu utosini, na zaidi ya hapo linahama: kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari, adhuhuri linapita upande wa kusini wa kichwa chako, na miezi mingine upande wa kaskazini. Jua la asubuhi na la jioni ndilo la kuaminika.

Kinachosaidia zaidi ni minara ya mawasiliano iliyo juu ya Bondwa, kilele jirani. Ukungu ukipasuka hata dakika moja, itafute. Ukiwa Lupanga, Bondwa iko kusini-magharibi. Iweke mkono wa kushoto: sasa unatazama kaskazini-magharibi, na mji uko mbele yako. Masikio nayo yana kazi. Honi ya treni, malori ya barabara kuu, adhana ya alasiri, vyote vinapanda upande wa mjini. Lakini sauti hugonga mabonde na kurudi, kwa hiyo isikilize mara tatu kabla ya kuifuata, na usiitumie peke yake.

Hatua ya 6: Usifuate mto

"Mto utakupeleka kwa watu." Utakupeleka, ndiyo. Mito ya Uluguru haiteremki, inaruka. Unaufuata vizuri nusu saa, kisha uko juu ya maporomoko, mawe yana utelezi, kushuka huwezi, na kupanda tena ulikotoka nako huwezi. Teka maji, urudi mgongoni mwa mlima.

Hatua ya 7: Saa kumi na moja

Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kulingana na mwezi, na giza letu halina jioni ndefu. Chini ya miti huwa limeshaingia mapema zaidi. Ikifika saa kumi na moja hujaiona njia, acha kuitafuta. Tumia mwanga uliobaki kutafuta pa kulala: si korongoni, si chini ya mti uliokauka. Kata majani mengi uyakalie, maana ardhi ndiyo inayonyonya joto kuliko hewa. Kaeni mmeshikana. Mtandao ukikamata, piga 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112, uwatajie namba za kile kidoti kwenye ramani.

Hatua ya 8: Ukishaipata

Pumzika kidogo, usikimbie. Halafu thibitisha kwa vitu viwili, si kimoja: kwa mfano minara na ramani. Mjulishe uliyemwachia taarifa, la sivyo watu watakesha mlimani wakimtafuta mtu aliyelala kwake.

Sisi tulitokea kwenye mashamba ya migomba saa kumi na moja na nusu. Mzee mmoja alikuwa anafunga mzigo wa majani ya mbuzi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatutazama suruali.

"Mmefika kwa wapasua mbao," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha makalio yangu, mekundu kwa lile vumbi.

Kwetu tawi likilazwa kukatisha kinjia, kila mtu anajua maana yake: usipite. Tangu siku ile, kila nikifika kwenye njia panda hiyo nalaza tawi upande wa kulia. Nikipita tena wiki inayofuata, nakuta limeshaondolewa.